Kisima cha Shimo la Bomu

Sogeeni karibu wanangu, na wewe kifungua mimba wangu zima hiyo simu, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kurudia maneno, na nililoambiwa asubuhi hii limenimaliza kabla ugonjwa haujanimaliza.

Yule bwana wa udongo, aliyekuja mwezi uliopita akachota udongo wetu kwenye vimfuko kama anayepima chumvi dukani, leo amerudi na majibu. Nikampa glasi ya maji. Akaitazama, akaiweka chini, akaniuliza, "Bibi, mmeyanywa haya tangu lini?" Nikamjibu, "Tangu wewe hujajua kufuta kamasi." Hakucheka. Hapo ndipo nilipoogopa.

Kisima chetu mnakijua. Mwaka ule wa vita bomu lilipoanguka shambani lilifukua shimo la kumeza nyumba, na marehemu baba yenu akasema limetupunguzia kazi nusu, tuendelee kuchimba hapo hapo. Nikampigia vigelegele, mjinga mwenzake. Hatukujiuliza kwa nini udongo mweupe wa chini umekaa juu na ule mweusi umezikwa, wala kwa nini kuta za shimo zimeshindiliwa kama sakafu, jembe linagonga na kurudi, hata magugu hayataki kuota. Bwana yule anasema baruti haikuungua yote. Punje zake zimelala humo miaka arobaini, kila mvua inaziosha kidogo, na maji yanashukia wapi? Kisimani kwetu.

Na ule wekundu, jamani! Ndoo ikikaa juani maji yanageuka rangi ya kutu, mimi nikawa nasema hicho ni chuma, kinaongeza damu. Nani aliniambia? Hakuna. Shule niliacha darasa la pili, lakini mdomo haukuacha. Kila mkwe mwenye mimba nilimsimamia mpaka amalize kopo. Kumbe yanakula damu. Yanakula damu, wanangu! Na mimi niliona viganja vyao vimepauka, nikasema ni uvivu.

Mmoja tu alikataa, mke wa kitinda mimba. Alimwaga kopo mbele yangu, akasema, "Mama, maji yanayoacha uchungu kooni siyanywi." Nikamwita mchawi, nikamfukuza na mtoto mgongoni, huu mwaka wa sita. Mfuateni. Msimtume mtu, nendeni wenyewe. Shamba la juu, ambako maji ya shimo hayafiki, lile mnalolinyatia wote, ni lake na mtoto wake. Anayetaka kununa akanunie nje.

Na wewe kifungua mimba, ulitaka kisima ufunge pampu, mtaa mzima ulete ndoo na hela. Nilikiandika kwa jina lako. Nakifuta. Shimo lile halirithiwi na mtu. Lizungushieni waya, msilime, msichome taka, msiokote chuma chochote. Mwacheni yule bwana alete watu wake. Na wajukuu wote wapelekwe wakapimwe damu, leo, kabla... kabla hamjaanza kunililia.

Nipeni maji. Hapana, si hayo! Ya bomba la barabarani.

Basi. Nimechoka. Mungu awarudishie damu niliyo... niliyowapunguzia, na mimba za nyumba hii azilinde na midomo kama wangu. Nikishakata roho, maji ya kuniosha mkayachote bombani. Yale ya kisimani... nimeshayanywa ya kutosha.