Mama Pole na Vitanda Vinne vya Msimu wa Mtihani

Ijumaa ya tarehe 28 Novemba, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuihudumia shule yetu, muuguzi wetu atavua koti lake jeupe na kukabidhi funguo za chumba cha wagonjwa. Wanafunzi humwita Mama Pole, kwa sababu humpa pole kila mtu na kila kitu. Tumewahi kumsikia akikipa pole kiti alichokigonga kwa goti.

Alikuja akiwa binti mwembamba mwenye sanduku moja, akakikuta chumba kile kikiwa stoo ya madawati mabovu. Alikifagia, akakipaka chokaa, akaweka vitanda vinne na mapazia ya kijani. Tangu hapo, jua la mchana likipiga, mwanga humo ndani huwa kama wa chini ya maji, mapazia yakipanda na kushuka taratibu, nawe ukiingia unajihisi umekanyaga ndani ya usingizi wa mtu mwingine. Mhasibu wetu aliwahi kwenda kuomba dawa ya kichwa dakika tano kabla ya kikao. Alizinduka kikao kimekwisha, viatu vyake vimepangwa vizuri chini ya kitanda.

Ametibu malaria, vifundo vilivyoteguka na meno yaliyokataa kung'oka. Lakini mimi namkumbuka zaidi kwa mwaka wake wa kumi na mbili hapa, zilipobaki wiki tano kabla ya mtihani wa kidato cha nne.

Wakati ule nilikuwa mwalimu wa taaluma. Nilitunga ratiba ya marudio iliyoanza saa kumi alfajiri na kwisha saa tano usiku, nikaibandika ukutani kwa fahari. Siku ya tisa, binti aliyekuwa akiongoza darasa kwa hisabati alipelekwa kwa Mama Pole akitetemeka vidole, kalamu haishikiki. Hakuwa na homa.

"Umelala lini, mwanangu?"

"Nikilala, wenzangu watanipita."

"Lala. Wakikupita nitawakimbilia mimi niwarudishe."

Alilala tangu saa saba mchana hadi jua lilipoanza kuzama. Alipoamka alilia, akasema amesahau kila kitu, afadhali arudi nyumbani aje kujaribu mwakani. Mama Pole hakumbishia. Alimpa karatasi, akamwambia aandike mada zote za hisabati, kisha akate zile anazoziweza. Zilibaki saba. Binti akazitazama weee.

"Kumbe ni hizi tu?"

Wakazigawa, moja kwa kila siku mbili, asubuhi kichwa kikiwa chepesi.

Kesho yake Mama Pole alikuja ofisini kwangu na daftari la wagonjwa: wanafunzi ishirini na wawili kwa wiki moja, tumbo na kichwa, wa malaria hakuna hata mmoja.

"Mwalimu, hata pampu ya maji tunaizima ipoe."

Nikamjibu kwa ukali, "Wewe shika vidonge vyako, mtihani niachie mimi."

Hakuondoka. Alivuta kiti, akakaa, akatazama dirishani kama anayengoja mvua ipite. Nilivumilia nusu saa. Mwishowe nikachukua kifutio.

Tuliipanga upya: dakika arobaini za kusoma, kumi za kutembea, somo gumu asubuhi, mtihani wa zamani mmoja tu kwa siku, taa kuzimwa saa tatu na nusu, Jumapili mchana, hakuna kitu. Jumapili ya kwanza wanafunzi walijilaza kwenye nyasi wakitazama mawingu, nami nikiwachungulia kwa hofu.

Matokeo ya mwaka ule hayakupaa, wala hayakuanguka. Yule binti hakupata alama ya juu kabisa ya hisabati, alipata inayofuata. Lakini alifanya mitihani yote hadi wa mwisho, na vitanda vinne vilikaa vitupu mwezi mzima. Ratiba ile ndiyo tunayoitumia hadi leo, nayo ina sahihi yangu peke yangu.

Dada yetu, kwa miaka kumi na tisa nimepongezwa kwa ratiba hiyo, na sijawahi kusema ni ya nani. Ni yako. Uniwie radhi kwa maneno yale ya siku ile.

Shule nzima inakushukuru. Afya isikutupe, asubuhi zako ziwe ndefu, na wajukuu wakuchoshe kwa kicheko.