Chai Haina Kesi

Benchi ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matairi mawili yaliyoshindiliwa zege, katikati ya mlango wa kinyozi na sanduku la fundi viatu. Mbele yake Mama Pacha ameweka meza, jiko la mkaa na birika lisiloshuka motoni tangu asubuhi. Benchi lina sheria moja tu: chai inanywewa ikichemka. Anayepuliza, au akangoja ipoe, anaitwa Mnywa Uji mpaka jua lizame. Bingwa wa sheria hiyo ni fundi viatu, mdogo wa mume wa Mama Pacha, anayeitwa Misumari kwa sababu hufanya kazi akiwa amebana vimisumari vya soli shavuni, akivitoa kimoja kimoja kwa ncha ya ulimi. Siku hiyo Mama Pacha aliona mambo mawili, yote hakuyapenda. Vimisumari vilikuwa kwenye kifuniko cha kopo la rangi ya viatu, si shavuni. Na chai ya shemeji yake ilikuwa imeota utando.

— Mmesikia? alianza Redio, fundi simu, ambaye habari humfikia kabla hazijatokea. Wanasema chai ya moto inaleta saratani ya koo.

— Nani wanasema?

— Wanaosema.

Wembe, kinyozi, alitoka nje na mashine mkononi, akimwacha mteja wake kitini na nusu kichwa.

— Uongo huo! Jogoo wa shamba hawiki mjini. Mdudu wa saratani akikutana na chai hii, anaiva hata begi hajafungua.

— Ndiyo shida yenyewe, Redio akajibu. Wadudu wakiiva wanaozea kooni.

— Basi koo lako ni makaburi.

— Kumbe hujui. Ni sukari. Sukari ikipata moto inakuwa gundi, gundi inabana koo, koo linakasirika. Hasira hasara.

— Na wanaokunywa bila sukari?

— Hao wanakasirika zaidi.

Mteja mwenye nusu kichwa akacheka kule ndani.

— Bingwa, sema wewe, Wembe akamgeukia Misumari. Umemeza jehanamu miaka yote na bado uko nasi.

— Mtu siku yake ikifika, imefika, Misumari alijibu, akitumia upande mmoja wa mdomo.

Mama Pacha aliacha kuosha glasi. Maneno hayo aliwahi kuyasikia, kutoka nyuma ya sanduku hilohilo, kwa baba mkwe wake. Mzee naye alisema koo linamwasha tu, siku yake Mungu anaijua, mpaka maji yakawa yanamrudia puani. Hakwenda kuonwa na daktari ila alipobebwa. Aliyemchujia uji kwa kitambaa, mapacha wakimlilia mgongoni na miguuni, alikuwa yeye.

— Shemeji, fungua mdomo.

— Mbele za watu?

— Hawa si watu. Hawa ni Wembe na Redio.

Misumari akafungua. Shavuni, kwa ndani, palikuwa na kidonda cheupe pembeni, kikubwa kama haragwe.

— Tangu lini?

— Kabla mvua hazijaanza.

Mvua zilikuwa zimeshaanza na kwisha. 

— Asukutue kwa chai ya moto kuliko hii, alisema Wembe. Dawa ya moto ni moto.

— Hapana. Simu ikiota kutu naisafisha kwa spiriti na mswaki. Mdomo nao ni mashine, kaka.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama kwa mguu mmoja kando ya sanduku, kiatu chenye kisigino kilichong'oka mkononi. Hakuna aliyemwona alipofika.

— Samahani, akauliza. Daktari aliyekiona kidonda amesemaje?

Wembe akaitazama mashine yake. Redio akapata simu ya kufungua.

— Nimeuliza tu. Si kuna hospitali hapo nyuma ya soko?

— Na wakiniambia? Misumari alisema polepole.

— Wakikuambia mapema, kuna la kufanya, alijibu Mama Pacha. Baba hakuambiwa mapema kwa sababu hakuuliza. Nilimchujia uji. Wako sichuji.

Wembe alinyoosha glasi yake aongezewe. Mama Pacha akaliteremsha birika, akalifunika.

— Chai imeisha.

— Mbona naisikia inacheza humo ndani?

— Imeisha, Wembe. Niangalizie meza. Shemeji, vua aproni.

— Na kiatu cha dada?

— Nitangoja, alisema mwanamke, akaketi benchini.

Majibu yalichelewa kuliko uvumilivu wa benchi. Kipande kidogo cha kidonda kilikatwa, kikapelekwa kupimwa, na kwa siku zote hizo Redio hakutangaza kitu. Siku majibu yalipotoka, Misumari alirudi akitembea kama mtu aliyetuliwa gunia.

— Si saratani. Ni misumari. Inachubua palepale kila siku, na mimi namwagia chai ya moto juu yake.

— Na chai yenyewe daktari kaisemaje? aliuliza Wembe.

— Chai haina kesi. Kesi ni ya moto. Ukiunguza koo kila siku, unalitafutia makubwa. Ila sigara ndiyo aliyoitaja kwanza.

— Mimi nimetajwa kwa jina? Wembe akauliza, akiisukuma pakiti yake ya sigara ndani zaidi ya mfuko.

— Kwa harufu, alisema Redio.

Mama Pacha alimimina. Misumari akaipokea glasi yake, akaiweka juu ya sanduku, karibu na kifuniko chenye misumari, akaendelea kushona. Mvuke ukapanda. Hakuigusa. Wembe alifungua mdomo alitamke lile jina la uji. Mama Pacha akamtazama, kijiko mkononi. Wembe akaufunga mdomo, akageukia barabarani kama anayetafuta mteja, na huko huko, kimyakimya, akapuliza yake.