Sekunde Kumi na Moja za Mwalimu Aguti

Wasikilizaji wapendwa, ni saa nane na dakika tano mchana, Jumapili. Punguzeni kelele za sufuria kidogo. Ukiwa na jirani anayependa hadithi, mwite. Leo tunamkumbuka Emmaculate Aguti, mwalimu mwanafunzi, binti wa miaka ishirini na minne. Alifariki asubuhi ya tarehe tisa Septemba kwa ugonjwa wa selimundu, huu ambao wengi wetu tunauita sikoseli. Alizikwa kwao, nje kidogo ya Amagoro.

Najua wengi wenu hamlijui jina hilo. Sauti yake mnaijua. Mmeisikia hapa hapa, Jumapili sita mfululizo. Ile sauti nyembamba iliyokuwa ikiitikia "Pakawa!" kwenye hadithi mlizozipenda mpaka mkatujazia simu ya studio kwa salamu. Huyo ndiye Aguti. Na mimi, Ojiambo wenu, sikuwahi kumtaja hata mara moja. Nitawaeleza kwa nini, na sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Turudi nyuma. Januari mwaka huu Aguti alipelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya kutwa karibu na Amagoro. Somo, Kiswahili. Darasa, kidato cha tatu. Kazi, fasihi. Wanafunzi hamsini na wawili, vitabu tisa. Chuoni walikuwa wameambiwa kwamba mwalimu wa leo afundishe fasihi kwa teknolojia. Haya, teknolojia ipi? Shule ilikuwa na projekta moja, imefungiwa kabatini, na ufunguo wa kabati hilo ulitafutwa siku tatu.

Rafiki yake Nanjala, binti wa kutoka Bukhayo, upande wa Busia, aliyekuwa mazoezini naye shule hiyo hiyo, anaikumbuka siku ya kwanza. "Aliamka mapema kupanga picha zake. Kuwasha, ukuta ni mweupe tu. Madirisha hayana pazia, jua limejaa darasani. Watoto wanaangalia ukuta, ukuta unawaangalia. Tukafunga leso zetu madirishani, upepo ukazichukua. Yule msichana alicheka mpaka akakaa chini."

Wasikilizaji, mwingine angerudisha projekta kabatini na kushika chaki. Aguti alikaa na jambo lile siku mbili. Akamwambia Nanjala, "Picha inataka giza. Sauti haitaki kitu." Jumamosi akapanda boda mpaka kwa nyanya yake mzaa mama, nyuma ya Malaba, pale ambapo honi za malori yanayongoja kuvuka kwenda Uganda zinasikika hadi jikoni.

Nyanya huyo anaitwa Amuge. Kwa miaka thelathini aliwauzia uji madereva wa malori, na Kiswahili chake alikichota kwao. Hadithi anazijua kuliko hesabu ya kuku wake. Aguti akatega simu yake, ile ya kioo kilichopasuka, juu ya gunia la mahindi. Akamfundisha nyanya kusema "Paukwa!" jinsi inavyosemwa vitabuni. Nyanya akacheka, "Hii paukwa inakula nini?" Lakini aliisema.

Ila alitoa sharti moja. Hawezi kutamba hadithi bila kujua nani anasikiliza. Kwao hadithi haiambiwi ukuta. Anayetamba anajitaja, anayesikiliza anajitaja, na anayesikiliza anaahidi kuitikia mpaka mwisho. Ndipo hadithi ianze. Na jina lake, nyanya akasema, lisikike popote hadithi itakapokwenda. Aguti akaahidi. Kwa hiyo kila hadithi aliyorekodi ilianza na majina mawili. Nanjala alipima kwa kompyuta yake. Sekunde kumi na moja. Shikeni hiyo hesabu, wapendwa, sekunde kumi na moja.

Wiki iliyofuata Aguti aliingia darasani na spika ndogo aliyoichajisha kwa kinyozi. Wanafunzi hamsini na wawili wakaitikia kwa pamoja mpaka darasa la jirani likaacha hesabu. Wakajadili wahusika. Wakabishana kuhusu sungura na haki. Kisha akawatuma nyumbani, kila mmoja arekodi mzee wake. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa hajafungua mdomo tangu kidato cha kwanza alirudi na babu yake kwenye simu ya jirani.

Sasa tufike kwa Mwalimu Ejoku. Huyu ndiye aliyekuwa mwalimu wa darasa lile kabla ya Aguti, na ndiye aliyemsimamia na kumpa alama. Halafu ni ndugu wa marehemu babake. Aguti alimwita baba mdogo. Ndiye aliyemtafutia nafasi katika shule hiyo. Siku damu ilipomletea maumivu, ndiye aliyemchukulia vipindi. Nasema haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndiyo yanayoumiza. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mwisho wa Machi, Mwalimu Ejoku alimwambia, "Mwanangu, niachie hiyo memori kadi nisikilize polepole, niandike ripoti nzuri." Hadithi tisa zilikuwa humo. Simu ya Aguti ilikuwa ndogo, kila hadithi aliyoihamishia kwenye kadi aliifuta simuni. Kwa hiyo alimpa baba mdogo kila kitu alichokuwa nacho. Kadi ilirudi baada ya siku nne ikiwa tupu. "Imeingia virusi," akasema. "Pole sana."

Ripoti nayo ikatoka. Mama yake Aguti, Akwii kwa jina lake mwenyewe, nami namwita Mama Akwii, anayo mpaka leo, na Jumanne aliniletea hapa studio nikaisoma kwa macho yangu. Imeandikwa hivi: "Anachezesha simu badala ya kufundisha kitabu. Anawasikilizisha wanafunzi Kiswahili kibovu." Aguti akaanguka mazoezi. Akaambiwa arudie mwaka ujao.

Mwezi wa Juni kukawa na semina ya walimu wa Kiswahili mjini Busia, kuhusu teknolojia katika fasihi. Aguti na Nanjala walikwenda wakaketi nyuma. Aliyepanda jukwaani alikuwa Mwalimu Ejoku. Akaweka spika mezani. Akasema yeye amebuni njia mpya ya kufundisha fasihi, na kwamba amekusanya hadithi kwa lugha hai ya mpakani. Ndiyo ile ile aliyoiita Kiswahili kibovu. Akabonyeza. Ukumbi mzima ukamsikia nyanya Amuge, na Aguti akajisikia mwenyewe akiitikia. Majina mawili hayakuwepo. Sekunde kumi na moja za mwanzo zilikuwa zimekatwa.

Wakati wa maswali Aguti akasimama. Hakupiga kelele. Akauliza, "Mwalimu, huyu anayeitikia ni nani?"

Mwalimu Ejoku akamtazama usoni. "Ni mmoja wa wanafunzi wangu," akasema. Watu wakapiga makofi. Aguti akaketi.

Julai, Mwalimu Ejoku akatuletea hadithi zile hapa redioni. Tukazipenda. Nani asingezipenda? Nikazicheza kila Jumapili na kusema, kwa mdomo wangu huu, "Kutoka hazina ya Mwalimu Ejoku."

Jumapili ya kwanza nyanya Amuge alikuwa ameambiwa na jirani kwamba hadithi zitatoka kwa redio. Akavaa gauni la kanisani. Akaita majirani, akawapikia chai. Alingoja jina lake. Hadithi ikaanza, ikaisha, jina halikuja. Likaja la mtu mwingine. Majirani wakamaliza chai wakaondoka.

Alipoambiwa yaliyotokea, nyanya hakukubali. Alimwambia mjukuu wake hivi, na Mama Akwii alikuwepo: "Umepeana mdomo yangu kwa watu." Aguti akalia, akasema si yeye, ni baba mdogo. Nyanya akauliza, "Na kadi alipewa na nani?" Baada ya hapo hakuongea naye tena. Aguti alipiga simu, haikushikwa. Alikwenda Malaba mara mbili, akakuta mlango umefungwa na moshi unatoka jikoni.

Sasa zamu yangu. Tarehe kumi na mbili Agosti, saa tatu asubuhi, ujumbe uliingia kwenye simu ya studio. Nausoma kama ulivyo. "Habari Bwana Ojiambo. Naitwa Aguti. Sauti inayosema pakawa ni yangu na anayetamba ni nyanya yangu Amuge wa Malaba. Mimi msinitaje kama ni shida. Naomba tu mtaje jina lake, anangoja."

Niliusoma. Badala ya kumpigia yeye, nikampigia simu Mwalimu Ejoku. Mwalimu akacheka. "Achana naye, boss. Ni mtoto wa ndugu yangu, ni mgonjwa, alianguka mazoezi. Ana machungu tu." Nikamwamini kwa sababu ana cheo, ana tai, na ananiita boss. Nambari ya Aguti ilikuwa pale pale mbele ya macho yangu. Sikuipiga. Jumapili iliyofuata nikacheza hadithi ya sita na kumshukuru Mwalimu Ejoku mara mbili.

Mama Akwii ananiambia siku hiyo binti yake alikuwa kitandani, redio iko juu ya kiti. "Alikusikiliza mpaka uliposhukuru," akasema. "Akaniambia, mama, zima." Wiki tatu baadaye alifariki.

Nyanya alikuja mazishini. Akakaa mbali na jeneza. Hakutupa udongo kaburini. Alisema hawezi kumzika mtu ambaye hawajamaliza maneno.

Mwezi jana kompyuta ya Nanjala, iliyokuwa imekufa tangu Aprili, ilifufuliwa na fundi mmoja wa Busia. Ndani yake kulikuwa na hadithi moja, ile ya kwanza kabisa, ambayo Aguti alimpa apime urefu. Haijakatwa. Mama Akwii akaikimbiza kwa nyanya kwenye simu. Nyanya akaisukuma simu kando. "Jina ilipotea kwa redio," akasema. "Irudi kwa redio." Ndiyo maana Jumanne wanawake hao wawili, Mama Akwii na Nanjala, walikuwa wameketi mlangoni petu kabla hatujafungua.

Tulimtafuta Mwalimu Ejoku atoe kauli yake. Alisema mambo ya marehemu yaachwe yalale. Mimi nasema marehemu hakulala. Alizimiwa redio.

Mama Akwii, pole. Nanjala, pole, na asante. Familia yote ya Amagoro na Malaba, poleni sana. Aguti, nilikukosea, na samahani yangu imefika wakati hupo tena kuipokea. Wasikilizaji wapendwa, nawaachia jambo moja la kutafakari. Fikirini kazi ya nani mmeshika mikononi, na jina la nani mmekata ili ipendeze. Mwenye jina akipiga simu, mshikieni.

Nyanya Amuge, Mama Akwii ameniambia hujafungua redio tangu Agosti, na kwamba leo atakufungulia yeye. Natumaini yuko hapo kando yako. Hizi hapa sekunde zako kumi na moja. Mtasikia honi ya lori kwanza.

"Mimi ndio Amuge, mama ya Akwii, wa hapa Malaba. Wewe nani unasikiliza?"

"Ni mimi, nyanya. Aguti."

"Utaniitikia mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Haya. Paukwa!"

Wasikilizaji, msijibu. Mwacheni Aguti aitikie.