Msemaji wa Siku ya Kupima Matiti

Kitendawili, wajukuu: sina fimbo wala mbwa, nakimbiza kijiji kizima. Mmeshindwa? Nipeni mji. Haya, nimekwenda Bumbuli, nikala, nikashiba. Jibu ni woga.

Leo nimepanda kosta pamoja na huo woga kutoka Lushoto. Mbele yangu Modesta, anayeandaa siku ya kupima matiti kijijini kwao, alikuwa amembana Nasra, aliyepasuliwa titi mwaka juzi akapona.

"Dada, hakuna mwanamke hata mmoja aliyejiandikisha. Wanataka kwanza wamsikie aliyepona. Nikuweke msemaji?"

"Baba mkwe atakaa mstari wa mbele. Nitaje titi mbele yake? Heri niruke bondeni."

"Wazee tutawaweka nyuma kabisa. Kwani bado wanasikia hao?"

Nilicheka peke yangu.

"Hata hivyo siwezi."

"Basi kama si mkwe, unaogopa nini?"

Nasra alitazama dirishani, kona baada ya kona, mpaka kituo cha Soni. Kosta iliposimama alishika kifua, akanong'ona kama mtu aliyemwona nyoka amelala:

"Nikiutaja ule uvimbe kwenye kipaza sauti, utanisikia, urudi."