Weupe Puani kwa Mkasi

Benchi lilikuwa na miguu mitatu ya mbao na wa nne wa matofali mawili, limeegemea ukuta wa duka la ushonaji la Sindano. Kila saa nne asubuhi wenyewe hukaa. Waziri, kinyozi wa jirani, alipewa jina hilo kwa kuwa hajawahi kuulizwa jambo akakosa jibu. Betri ni fundi redio. Shangazi ndiye muuza kahawa, na birika lake na ulimi wake vyote ni vya moto. Siku hiyo kahawa haikumshuka Sindano. Mdogo wake Mkasi, mkataji nguo wa duka, baba wa watoto wawili, alikuwa amekata nguo wiki nzima bila kula wala kulala, anaongea bila kituo, na jana adhuhuri akajifungia chumba cha nyuma. Mtaa ulishaanza kusema juu ya ule weupe wa puani mwake. Sindano alikuwa na jibu lake, na alilishikilia kwa meno.

— Ni chaki, alisema. Mkataji nguo hakosi weupe puani. Mimi mwenyewe nimeivuta miaka ishirini.

— Chaki haimtoi mtu damu puani, alisema Betri. Ile ni kokeini. Ila tusitishane bure, hicho ni kitu cha wakubwa. Kingekuwa kibaya wangekigusa?

— Wakubwa nao hufa, alisema Shangazi akimimina.

— Kwa uzee, Shangazi.

— Yule wa duka la vioo alikuwa na miaka thelathini na moja. Moyo ulisimama anafunga kamba za kiatu.

— Yule alikuwa na pupa, Waziri akaamua. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Ukinusa haba na haba, mwili unazoea.

— Mwili ukizoea, haba inageuka debe. Hilo wahenga hawakukwambia? Shangazi akamuuliza.

Betri akaweka kikombe chini, maana sasa mambo yalikuwa yameingia kwenye fani yake.

— Sikilizeni. Moyo ni mashine. Kokeini inauongezea umeme. Chukua redio ya volti sita, ipe tisa. Inaimba kuliko ilivyotoka kiwandani.

— Kwa muda gani? aliuliza Shangazi.

— Mpaka iungue, alisema Betri, kisha akaonekana kutolipenda jibu lake mwenyewe.

— Ndiyo maana kuna vinyozi, Waziri akamwokoa. Sumu yote hutoka kupitia nywele. Mtu akinyoa kila Ijumaa, Jumamosi yuko kama mtoto mchanga. Na mnajua kwa nini wanaonusa huinama? Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wazee walishayaona haya zamani.

Shangazi alicheka mpaka kahawa ikamwagikia sahani. Sindano naye akacheka, tena kuliko wote. Maadamu mazungumzo yalikuwa ya kipuuzi, mdogo wake alikuwa salama. Hakuwaambia kwamba jana Mkasi alimvuta pembeni, akamnong'oneza kuwa kuna watu wanamchungulia kwenye tundu la ufunguo, na kwamba kifua kinambana. Alimjibu kalale, utaamka mzima.

Wakati huo akafika mwanamke ambaye benchi halikumjua, amevaa sare ya uuguzi iliyopauka.

— Nimetumwa kuulizia sare zetu arobaini.

— Zimekatwa zote, dada, alisema Sindano. Mdogo wangu hakulala kwa ajili yenu. Chaki imemjaa puani mpaka hawa wananisingizia ndugu.

Muuguzi alichungulia ndani, akaona vitambaa vimepangwa mezani.

— Nyeupe tupu.

— Kama mlivyoagiza.

— Na kitambaa cheupe mnakichora kwa chaki ya rangi gani?

— Buluu, alijibu Sindano kwa fahari ya fundi. Ukitumia nyeupe hutaona mst...



— Mmekata kingine wiki hii?

— Hapana. Hizo tu.

— Basi huo weupe wa puani ameupata wapi?

Waziri alitazama ndani ya kikombe. Betri alijikuna goti. Sindano aliona aibu ikimpanda kuanzia shingoni, maana boksi la chaki ya buluu alilinunua yeye mwenyewe Jumatatu.

— Alisema kifua kinambana, akasema taratibu. Jana.

— Jana? Yuko wapi?

Alielekeza mlango wa nyuma, hatua tano kutoka kwenye benchi. Waligonga mara tatu. Mkasi alifungua amelowa jasho, anasaga meno, kiganja kimebana kifua. Juu ya mdomo kulikuwa na damu iliyokauka. Muuguzi alimshika mkono, akahesabu mapigo, akaacha kuhesabu kwa jinsi yalivyokimbia.

— Umetumia nini, kaka? Ukiniambia mapema ndipo hospitali watajua pa kuanzia.

Mkasi alimtazama kaka yake.

— Ameshakwambia. Ni chaki.

Sindano alihisi neno lile likimchoma, kwa kuwa lilikuwa lake.

— Si chaki, alisema. Ni kokeini, dada. Nilikuwa najua. Niliuogopa mtaa kuliko nilivyomwogopea yeye.

Alimwegemeza mdogo wake begani, wakatoka mbele ya watu wote. Betri alikuwa amekwisha kusimamisha gari. Dereva akageuka kuuliza mgonjwa anaumwa nini, na Waziri, ambaye hajawahi kukosa jibu, akawahi:

— Malaria.

— Moyo, alisema Sindano akifunga mlango. Ametumia kokeini. Kimbiza gari.