Bi Mwatum Feruzi, Aliyeanzisha Siku ya Makubadhi Mwera

Siku ya Makubadhi ilipofanyika mara ya kwanza hapa Mwera, Jumamosi tarehe 14 Juni 2003, walikuwepo marehemu bibi yetu Mwatum Jaku Feruzi, mumewe Mzee Zubeiri, jirani yake Bi Mboni, Mzee Suleimani na ngoma yake, mama yangu Shadya, na mimi Samiha nikiwa mgongoni kwa mama, na wengine wakichungulia madirishani.

Marehemu alizaliwa hapa Mwera tarehe 12 Machi 1951, akalelewa na bibi yake, Bi Tabu, aliyeletwa pwani akiwa mtoto kutoka upande wa Ziwa Nyasa, akawa mtumwa katika shamba la minazi hadi alipoachwa huru mwaka 1922, na miaka yote hiyo hakuruhusiwa kuvaa viatu mbele ya bwana wake.

Marehemu alisoma darasa la kwanza hadi la nne, akaacha mwaka 1962 kwa sababu wenziwe walimwita mjukuu wa mtumwa, akasuka makuti na kuuza maandazi, na tarehe 20 Agosti 1970 akaolewa na Mzee Zubeiri, wakajaliwa Haidar na Shadya.

Kila Juni alituvalisha makubadhi, tukatembea kwa ngoma mpaka shamba lile, na pale kila mtu akawataja kwa majina wazee wake waliokuwa watumwa. Kijana mmoja alimwuliza, Bibi, huoni haya? Akamjibu, waone haya waliomnunua Bi Tabu.

Tarehe 3 Oktoba 2025 alipata kiharusi, akalazwa Tanga mjini, akafariki leo Alhamisi tarehe 16, alfajiri.

Asubuhi hii Mjomba Haidar aliniambia, mwanangu, hilo la utumwa liruke, mdogo wako Sabiha ana posa, wakwe watasikia. Wasikie. Sabiha mwenyewe amesema, asiyemtaka Bi Tabu asinioe.

Tunawashukuru madaktari, na muuguzi Devota aliyemsuka nywele bila kuombwa, na majirani mliochota maji tangu kulipokucha, na wakwe watarajiwa mlioleta mchele na mmekaa hapa mkisikia, na Mjomba Haidar, ambaye hakutaka nilisome hilo, lakini ndiye aliyesimama pale mlangoni amembeba mwanangu ili mikono yangu ishike karatasi.

Pumzika, Bibi, hatukuruka neno.