Paa Lisilo na Nguzo

Kijiwe cha Shaaban muuza kahawa kilikuwa njia panda ya Nyakasimbi, kikitazamana na kanisa jipya, lile la paa la zege lililoanzia karibu na ardhi upande mmoja, likapanda upande wa pili kama ubawa. Mwaka ule wa 1984 lilikuwa ndiyo kwanza limefunguliwa. Theoneste alifika asubuhi hana raha. Harusi yake ilikuwa Jumamosi katika kanisa hilo, na mama yake, Mukandekezi, ameapa hatii mguu humo ndani.

— Anaogopa nini? aliuliza Melkiory, waliyemwita Redio kwa kutonyamaza.

— Paa. Anasema litaanguka. Kanisa la zamani lilikuwa na nguzo za miti, kila nguzo na mtume wake. Yeye miaka yote alikaa kwa Tomaso.

— Mwambie hili ni hema. Wana wa Israeli walisali hemani.

— Hema la zege, we Redio?

Huyo alikuwa Athanasi, aliyeitwa Injinia tangu aliposukuma toroli kwenye ujenzi wa barabara.

— Lile paa ni la theluji, aliendelea. Mchoro ulitoka Ulaya. Theluji ikianguka, inateleza.

— Theluji Karagwe? alidakia Redio.

— Mzungu anajua kinachokuja, bwana.

Shaaban akamimina kahawa. Yeye alikuwa Mwislamu, kwa hiyo alijiona hana upande.

— Mimi nasikia ramani ilishikwa juu chini. Lile paa ndiyo sakafu.

Theoneste alikunywa bila kuonja. Hapakuwa na neno hata moja la kumpelekea mama.

Mara mama mwenyewe akatokea, mkungu wa ndizi kichwani. Wote wakasimama.

— Shikamoo, mama!

— Marahaba. Injinia, lile paa linashikwa na nini?

Injinia akakohoa. Redio akachungulia kikombe. Shaaban akapangusa birika lililokuwa safi.

— Sijui, mama, alisema Theoneste. Twende tukalitazame wote.

Akamtua ndizi, akamshika mkono, wakavuka barabara. Kijiwe kizima kikangoja kishindo.

Ndani, Mukandekezi aliweka kiganja ukutani, akasukuma kama mtu anayejaribu nguzo ya banda. Akasukuma tena. Kisha akamwambia mwanawe watoke.

Jumamosi alikuja. Alikaa benchi la mwisho, kando ya mlango, viatu mkononi, macho juu, na hakutoka mpaka Theoneste alipovishwa pete.